Tosha Nguvu

Kando ya uwanja wa shule yetu, pale Kasongo, palikuwa na kituo cha pikipiki, na madereva waliokosa abiria walikuwa wakitugeukia sisi wasichana wa mpira wa mikono. Hao ndio waliokuwa mahakimu wetu. Kila jioni walibishana jambo lile lile: je, mtoto anayerusha mpira anaendelea kwa kuzidisha nguvu, au nguvu itamharibu? Wengi walisema nguvu. Arushe, arushe tena, azidishe, mpaka mkono uzoee. Walitoa hukumu hiyo wakiwa wamekalia pikipiki zao, vijiti vya meno mdomoni. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama golini.

Mrushaji waliyembishania ni mdogo wangu, aliyenifuata ziwa. Kwa hiyo jibu la mabishano yale nililipata kwa mwili, kabla ya mtu yeyote kulipata kwa akili. Nililipata puani, nikalipata mbavuni, nikalipata kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho mpaka leo hakikunjiki. Nikishika kikombe cha chai kinasimama peke yake, na watu wasionijua wanadhani naringa.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, golikipa wa mpira wa mikono hadaki. Anapanua mikono na miguu kama mtu anayezuia mbuzi wasitoke zizini, halafu anapigwa. Mrushaji anakuja mbio, anaruka, na mpira unamtoka mkononi akiwa karibu kiasi cha kumwona meno. Wewe kazi yako ni kutoa mwili. Mpira wetu ulikuwa wa ngozi iliyochakaa, na fundi viatu wa sokoni alikuwa ameushona mara nyingi hata uzi ukawa mwingi kuliko ngozi. Ukilowa mvua ulikuwa mzito, na ukikupata shavuni uliacha alama ya mshono kana kwamba wewe ndiwe uliyeshonwa.

Mdogo wangu alikuwa mwembamba, shingo ndefu, mikono mirefu zaidi. Alianza kurusha akiwa bado anavaa gauni la shule ya msingi, na madereva wakampa jina la bunduki, ile ya watu wa msituni, jina ambalo mama alikataza lisitamkwe ndani ya nyumba yake. Lakini mtoto alilipenda. Alipenda kugonga. Sitasema uongo kwamba alikuwa mpole aliyelazimishwa. Aliponipiga mpira wa tumbo nikakaa chini natafuta pumzi, alikuja mbio kuniinua, na machoni alikuwa na huruma na furaha pamoja.

Alichokitaka kilikuwa kimoja, na sisi wote nyumbani tulikijua: kwenda Kindu. Ilisemekana mtu wa michezo wa mkoa angekuja kutazama mechi na kuchagua wasichana wa kwenda kucheza huko. Kindu kuna treni. Mdogo wangu alikuwa hajaona treni, na baba, ambaye alikuwa Salamabila kwenye mashimo ya dhahabu, alikuwa amemwahidi kumpeleka kuiona. Ahadi za baba za kurudi zilikuwa nyingi kuliko kurudi kwenyewe. Basi mtoto akaamua kujipeleka mwenyewe, kwa mkono wake wa kulia.

Mkono huo ulikuwa mikononi mwa mwalimu mmoja.

Alikuwa mtu wa Wamaza, kule Kabambare, mrefu, mkavu, aliyetufundisha hesabu asubuhi na mpira jioni. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa kurudisha viungo, na yeye utoto wake wote aliumaliza akiwashika miguu wagonjwa wakati mzee anavuta. Mchezaji akiteguka hatukumpeleka hospitali. Mwalimu alivua kiatu, akakaa chini, akavuta, kiungo kikaingia. Kwa mikono alikuwa hodari. Kwa maneno alikuwa bahili. Darasani aliongea na ubao, uwanjani aliongea na filimbi, na alipokuwa hana budi kutumia mdomo alikuwa na maneno mawili tu kwa mdogo wangu, yale yale, mwaka mzima.

"Tosha nguvu!"

Kwetu kutosha si kuenea, kama wanavyosema redioni. Kwetu kutosha ni kutoa. Unatosha maji kisimani, unatosha mwiba mguuni. Basi mwalimu alisimama kando ya mstari na fimbo yake ya mpera, na mdogo wangu akaja mbio, akaruka, akarusha, na mwalimu akapaza sauti: "Tosha nguvu mu mukono!" Mtoto akarudi nyuma, akauma mdomo, akarusha kwa nguvu zaidi. Mimi nikapigwa kifuani. "Bado!" akasema mwalimu. "Bado! Tosha nguvu!" Akarusha tena, mishipa ya shingo imesimama. "Bado!"

Na baada ya "bado" ya tatu au ya nne ilikuja fimbo. Hakumpiga matakoni kama walimu wengine. Alimpiga mkononi, juu, pale penye nyama, mkono ule ule wa kulia. Sisi tuliona ni adhabu ya uvivu. Mtoto aliona hivyo pia. Alimeza machozi, akachukua mpira, akatafuta mahali fulani ndani yake nguvu ambayo ilikuwa bado haijatoka, akaitoa, na nikaipokea mimi.

Sasa niseme jambo ambalo golikipa peke yake analijua. Mpira wa nguvu unaumiza, lakini unazuilika. Mdogo wangu alipotaka kurusha kwa nguvu zake zote alinitangazia mapema. Aliuma mdomo wa chini. Bega lilipanda mpaka sikioni. Mkono ukakauka, kiwiko kikashuka, na mpira ukaja moja kwa moja pale alipokuwa akitazama. Mpira wake ulikuwa ukibisha hodi kabla ya kuingia. Nilitoka damu, lakini nilizuia, na kadiri alivyozidisha nguvu ndivyo nilivyozuia zaidi na kutoka damu zaidi. Mwezi alionivunja kidole ndio mwezi alionifunga mara chache kuliko yote. Madereva waliona damu tu, wakapiga makofi, wakasema mtoto anaendelea.

Nilimchukia mwalimu. Nasema wazi, nilimchukia kwa chuki ya mtu anayepigwa kila jioni na mkono wa mtu mwingine. Lakini mwanafunzi kumwuliza mwalimu "unataka kusema nini?" kwetu haipo. Ukiambiwa, umesikia.

Aliyeuliza ni mama. Siku hiyo niliingia nyumbani na pua imevimba, nyuma yangu mdogo wangu na michirizi ya fimbo mkononi, na mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Aliacha majani kinuni nusu yametwangika, akaweka mchi begani, akatoka. Tulimfuata mbio. Madereva walipomwona anaingia uwanjani na mchi ule walipiga miluzi, mmoja akamwambia mwalimu akimbie.

Mwalimu hakukimbia. Alivua kofia.

"Unaniulia watoto juu ya mupira?" mama alimfokea. Mchi alikuwa ameushusha, ameushika kwa mikono miwili. "Huyu pua, huyu mukono! Njo masomo gani hii?" Yaani, ndiyo masomo gani haya.

"Mama, tulia," mwalimu alisema. "Mutoto wako iko na mukono muzuri, sijaona mukono kama ile. Lakini namwambia kitu moja. Kila siku, kitu moja tu. Hataki kusikia."

Mama aligeuka polepole. "Ni kweli? Mwalimu iko anakuambia kitu, na weye unakataa?"

Mdogo wangu alifungua mdomo, akaufunga. Angesema nini? Angesema "nafanya" angekuwa amemwita mwalimu mwongo mbele ya watu. Akanyamaza, na kunyamaza kwake kukaonekana ni kiburi. Mama alimpiga kofi ambalo lilisikika mpaka kituoni. Mpaka leo nikilikumbuka kofi lile hasira inanipanda, na sijui nimpelekee nani.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," mama alisema. Akachukua mchi wake akarudi kwenye sombe.

Kuanzia hapo mtoto alianza kujitesa mwenyewe. Njiani kwenda shamba la mpunga palikuwa na kichuguu kikubwa, kimekauka kama ukuta. Alisimama mbele yake na mawe, akarusha mpaka kiwiko kikavimba. Vipande vya kichuguu viliruka. Siku moja nilimkuta amekaa chini, mkono ameuweka mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Yaya," aliniambia, kama tunavyomwita dada mkubwa, "mimi sina ingine. Ile yote ilikuwa ndani nimeshaitosha. Yeye anasema bado. Itatoka wapi?"

Nilimwambia ale zaidi. Ndiyo akili niliyokuwa nayo. Nilimpa na nyama yangu ya Jumapili, akaila yote, na Jumatatu yake mpira uliniondoa kipande cha jino.

Mechi iliwekwa Wamaza, katikati, kwa sababu wapinzani walikuwa wasichana wa Salamabila na hakuna aliyetaka kwenda kwa mwenzake. Tulipanda pikipiki watatu watatu nyuma ya dereva, tukashuka kusukuma penye matope, tukapanda tena, na penye vizuizi vya kamba wanaume wenye silaha walituangalia miguu, wakauliza tunakwenda kucheza nini, wakacheka. Mdogo wangu alikuwa mbele yangu. Bega lake la kulia lilikuwa la moto kupitia nguo, kama mkate uliotoka tanuruni sasa hivi. Nilimwuliza kama linamuuma. Akasema nyamaza, mwalimu atasikia.

Uwanja wa Wamaza ulikuwa umejaa. Wachimbaji walikuwa wamewafuata wasichana wao, na lotoko, ile pombe kali ya kienyeji, ilikuwa imewatangulia. Harufu yake ilikuwa pande zote. Askari kadhaa walisimama nyuma ya goli langu. Yule mtu wa Kindu alikuwepo kweli: alikuwa amewekewa meza na kiti, na viatu vyake vilikuwa vyeupe. Mdogo wangu aliviangalia viatu vile muda mrefu.

Wale wasichana wa Salamabila hawakuja kucheza, walikuja kufanya kazi. Walikuwa na mabega ya watu wanaobeba mawe, na nadhani walikuwa wanayabeba kweli. Walitukanyaga vidole, walitupiga viwiko shingoni, mmoja alimvuta mwenzetu nywele mpaka shada likabaki mkononi, na mwamuzi alitazama mawingu. Nasi tuliwauma. Nilimpiga mmoja teke la ugoko alipoanguka ndani ya duara langu, na sijutii. Mdogo wangu alirusha mara ya kwanza akampata golikipa wao usoni, damu ikatoka, na wachimbaji wakanguruma. Alirusha mara ya pili, golikipa yule yule akazuia. Alikuwa kama mimi: anatoka damu na anazuia.

"Tosha nguvu!" mwalimu alipaza sauti kutoka kando. Sauti ilikuwa imemkauka. "Tosha nguvu mu mukono!"

Nilimwona mdogo wangu anageuza uso kwa mwalimu, halafu kwa viatu vyeupe, halafu kwa goli. Akauma mdomo. Bega likapanda mpaka sikioni. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja na nilijua mpira unakwenda wapi. Kila mtu alijua. Aliruka, mkono umekakamaa nyuma kama mti, na beki mmoja wa Salamabila, mkubwa kuliko wote, akaudaka mkono ule kwa nyuma akauning'inia.

Laiti mkono ungekuwa mlegevu ungemtoka mikononi. Ulikuwa mgumu, ukamfuata. Nilisikia mlio kutoka huko nilikokuwa, mlio wa paja la kuku likitolewa kwenye mwili wake. Mtoto alianguka bila kulia. Kilio kilikuja baadaye, na kilipokuja hakikuwa cha mtu.

Nilikimbia. Wote walikimbia. Wenzetu walimrukia yule beki, wachimbaji wakaingia uwanjani, watu wetu wa pikipiki nao wakaingia na minyororo, na katikati ya vumbi nikaona kiti cha mtu wa Kindu kinapita hewani. Mtu alinipiga ngumi ya sikio, nikampiga mwingine. Halafu askari mmoja akafyatua risasi juu.

Watu wa kwetu hawafundishwi kulala chini. Uwanja mzima ulilala: wachezaji, wachimbaji, mwamuzi, mama mmoja na beseni lake la maandazi. Nililala nikiwa nimefika kwa mdogo wangu, uso wangu karibu na uso wake. Mwenye viatu vyeupe alikuwa chini ya meza yake, na soli zake zilikuwa zinatutazama.

Mtu mmoja tu hakulala. Mwalimu alikuwa amekaa kitako mavumbini, amevua kiatu cha kushoto. Kisigino alikuwa amekiweka kwapani mwa mdogo wangu, na kifundo cha mkono wake alikuwa amekishika kwa mikono miwili. Bega lilikuwa limechongoka mahali pasipo pake. "Mushike kichwa," aliniambia, nikamshika. Akaanza kuvuta, taratibu, na sauti yake ikashuka ikawa ya chini, ya mtu anayembembeleza mtoto mchanga.

"Tosha nguvu," alimwambia. "Tosha nguvu mu mukono."

Mdogo wangu akakaza. Niliona mishipa inasimama kutoka shingoni mpaka vidoleni. Mkono mzima, na bega limetoka, ulikaza ukawa chuma, na akapiga yowe.

"Tosha!" mwalimu akasema. "Tosha nguvu!"

Akakaza zaidi. Macho yalimgeuka yakawa meupe. Mwalimu alivuta, mkono ukamkatalia, wakawa wanashindana, mwanamume mzima na mtoto aliyeumia. Mwalimu akapandwa na hasira, akamchapa kiganja pale pale juu ya mkono, pale alipozoea kumchapa fimbo. "Haskii! Hata sasa haskii! Nasema tosha!"

"Niko natosha, Mwalimu!" mtoto alilia, na uwanja mzima uliolala ulimsikia. "Niko natosha yote! Yote njo hii! Haiko ingine!"

"Unatosha nini? Mukono iko mugumu kama muti!"

"Njo nguvu! Njo nguvu nimetosha!"

Mwalimu aliacha kuvuta. Hakuuachia mkono, ila aliacha kuvuta. Alimtazama mdogo wangu, halafu akautazama ule mkono, kutoka begani mpaka vidoleni, kama mtu anayesoma hesabu aliyoiandika mwenyewe ubaoni na kuona kosa liko mstari wa kwanza. Halafu akanitazama mimi.

"Na weye?" akaniuliza. "Weye pia ulisikia vile?"

"Sisi wote," nikasema.

Maji kisimani, mwiba mguuni. Sisi tulisikia maji. Yeye mwaka mzima alikuwa anasema mwiba. Iondoe nguvu mkononi, iache, mkono uwe kamba, miguu ndiyo irushe: hicho ndicho kitu kimoja alichokuwa akimwambia kila siku, kwa maneno ya baba yake, maneno anayoambiwa mgonjwa kabla ya kuvutwa. Kila "bado" ilimaanisha bado imo. Kila fimbo ilikuwa ya kulegeza nyama. Yeye aliona mtoto mkaidi anayefanya kinyume mbele ya macho yake, mtoto aliona mwalimu asiyeshiba, na wote wawili walikuwa watu wa kutii na watu wa bidii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mdogo wangu alisikia, akavunjika bega.

Midomo ya mwalimu ilikuwa inacheza. Nadhani alikuwa anatafuta neno lingine, na hakuwa na akiba ya maneno.

"Lala," alisema mwishowe. "Mukono ilale. Fanya kama iko nalala usingizi."

Mdogo wangu alivuta pumzi, akaitoa. Niliona vidole vinafunguka kimoja kimoja. Mwalimu alivuta mara moja, wala si sana, na bega likaingia.

Mchezo ulimaliziwa, kwa sababu wachimbaji hawakukubali kwenda bila kipindi cha pili. Walitufunga walivyotaka. Mwalimu alisimama kando ya mstari na kiatu kimoja, mdomo wazi, na hakupaza sauti hata mara moja. Mtu wa Kindu aliondoka na pikipiki ya kwanza. Alichukua majina mawili, yote ya Salamabila, na moja lilikuwa la yule beki.

Siku chache baadaye mwalimu alikuja nyumbani. Mama alimpa kiti na sahani ya sombe. Alikula kidogo, akaweka kijiko chini.

"Mama," akasema, "mimi nilisema vibaya."

Mama alidhani anaongelea ile siku ya mchi. "Yameisha, Mwalimu," akamjibu. "Hata mimi nilipandwa na hasira. Kula." Na mwalimu akala. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, mkono umefungwa shingoni kwa kitenge, nami nilikuwa nyuma yake, na hakuna kati yetu watatu aliyekuwa na moyo wa kuanza kueleza upya. Tangu siku hiyo uwanjani hakushika tena fimbo, na neno lake likawa "lala". Wasichana waliotufuata walirusha vizuri kuliko sisi. Nawapongeza, lakini sikwenda kuwatazama.

Mama alitoa hukumu yake: ule ni mkono wa mchi na jembe, usiguse mpira tena. Na kweli bega halikuwa limepona sawasawa. Lilitoka akianika nguo, likatoka akiwa anapiga ngoma kanisani. Mwalimu alikuja kulirudisha na kuufunga mkono upya kwa kile kitenge kila mara, na kila mara nilishika kichwa, mpaka nikajua kisigino kinakaa wapi.

Mpunga ulipokwisha kuvunwa, Jumapili moja baada ya misa, mdogo wangu alinivuta kanga. Mama alikuwa amebaki na kina mama wenzake. Uwanja wa shule ulikuwa mtupu, hata madereva hawakuwepo. Mpira alikuwa ameuficha kwenye kikapu cha mihogo.

"Yaya, simama mu goli. Moja tu."

Nilimkatalia. Nilimtajia mama, nilimtajia bega. Aliniambia mwaka mzima alirusha kitu ambacho hakuna aliyekiomba, na kile alichoombwa hajakirusha hata mara moja. Alisema hataki kufa hajui. Alikuwa na umri wa kusema maneno kama hayo bila kuona haya. Nikaenda golini. Nikapanua mikono. Mwili wangu ulijikunja wenyewe ukingoja, pua, mbavu, kidole.

Alifungua kile kitenge. Akaja mbio, mbio za miguu kweli kweli, akaruka. Mdomo haukuumwa. Bega halikupanda. Mkono ulibaki nyuma, umelegea, umelala, kana kwamba amesahau kuuchukua, na nilikuwa bado nautazama, nangoja unipe habari, niliposikia goli linatikisika nyuma yangu.

Sikuuona ule mpira. Niligeuka, nikaukuta unazunguka kwenye nyavu, nikajipapasa. Hapakuwa na mahali panapouma. Katika miaka yote ya kusimama mbele ya mdogo wangu ulikuwa mpira wake wa kwanza kunipita bila kunigusa, na nilicheka kwa sauti, nikageuka kumwambia.

Alikuwa amekaa chini. Mkono ulikuwa unaning'inia, bega limechongoka. Hakulia. Uso ulikuwa na jasho, na alikuwa anatabasamu.

"Imekuumiza, Yaya?"

"Hapana," nikamwambia. "Hata kidogo."

Nilivua kiatu, nikakaa mavumbini, nikaweka kisigino kwapani mwake, nikamshika kifundo cha mkono kwa mikono miwili, na kile kidole changu kisichokunjika kikasimama juu peke yake.

"Lala," nikasema, nikavuta.